Somo: Kuchora mtu kwa viraba vya daftari



Picha zetu za amani zieleweke hata kwa mbali. Tufuate hatua hizi:

1. Mtu apate viraba 16 kwa upana na 24 kwa urefu. Kila kiraba rangi moja tu.
2. Tuchague jua litoke upande gani. Upande wa pili ni kivuli.
3. Kalamu moja inatoa rangi tatu: paka mara moja, mara mbili, mara tatu. Zaidi ya hapo picha inachafuka.
4. Nguo isifanane na rangi iliyo nyuma yake.
5. Tundika picha, rudi hatua kumi, tazama.

Mwaka 1981 Mjapani Shigeru Miyamoto alimchorea Mario masharubu, kwa kuwa viraba havikutosha kuonyesha mdomo. Alama moja wazi inatosha.

Tuangalie sana. Katika kikao kimoja tulileta picha ya majirani wawili. Mmoja tulimpaka kivuli uso mzima. Mzee akauliza: «Huyu ndiye adui?» Tulikosea, tukachora upya. Kivuli ni cha jua, si cha kabila. Kila mtu apate mwanga usoni.

Maulizo ya kuzungumzia: Katika picha yenu, nani amebaki gizani? Kwa nini?