SOMO KWA KORALI: KUNUNUA NA KUTUNZA BESI YA KANISA
(Hesabu 4:29-33)



Somo letu safari hii linahusu chombo kimoja tu, gitaa la besi. Labda mtu atauliza kwa nini mchungaji anaacha mahubiri na kuandika habari za nyuzi na waya. Fungueni Hesabu sura ya 4. Wana wa Merari hawakupewa kubeba sanduku la agano. Walipewa mbao, nguzo, vigingi na kamba, na ikaagizwa kwamba vyombo hivyo vihesabiwe kwa majina, kila mtu na mzigo wake. Watu wale walikuwa safarini. Kigingi kikipotea jangwani, hakuna duka la kununulia kingine. Nadhani sisi wakimbizi tunaielewa sura hiyo upesi kuliko wenye miji yao.

Tena jambo lenyewe si dogo. Sisi tulio katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda tunajua fedha ya korali inatoka wapi. Inatoka kwenye debe la maharage, kwenye kibarua cha kulima shamba la mwenyeji, na kwenye shilingi elfu mbili ambazo mama mmoja alitaka kununulia sabuni. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula haulingani tena kwa watu wote, na mwaka 2025 familia nyingi ziliondolewa kabisa kwenye orodha. Fedha kama hiyo haifai kupotezwa sokoni kwa sababu besi ilikuwa na rangi nyekundu inayong'aa.

Basi ukienda Mbarara au Kampala kununua besi iliyotumika, usianze kwa kuangalia rangi. Anza na shingo. Vitu karibu vyote vingine vya besi vinabadilishwa kwa fedha kidogo, lakini shingo iliyopinda kama kamba iliyosokotwa haina dawa hapa kwetu. Shika besi kama seremala anavyoshika ubao, weka jicho lako upande wa kichwa, tazama kuelekea kwenye mwili. Kingo mbili za shingo ziende pamoja. Ukiona ukingo mmoja unapanda na mwingine unashuka, mrudishie mwenyewe, umshukuru, uende zako. Hata akipunguza bei nusu, nenda.

Shingo nzuri haitakiwi kunyooka kama rula. Inainama mbele kidogo sana. Namna ya kupima ni hii: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia uubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Sasa uzi wenyewe umekuwa rula yako. Tazama katikati, karibu na freti ya 7. Panatakiwa kuwa na nafasi ndogo, kama milimita 0.3, kiasi cha kupitisha kadi nyembamba ya karatasi. Kidole kikipita, shingo imevutwa mno. Nafasi isipokuwepo kabisa, imerudi nyuma.

Kisha piga freti zote, moja baada ya nyingine, katika nyuzi zote nne. Besi yenye freti 20 ina sauti 80 za kupima, na muuzaji atachoka kukusubiri. Mwache achoke. Mahali sauti inapokufa au chuma kinapolia, uliza. Geuza vifunguo vya kukazia nyuzi uone kama vinazunguka bila kuruka. Kagua pale shingo inaposhikana na mwili kama pana ufa. Mwisho, chomeka waya, utikise kidogo pale unapoingia, usikie kama sauti inakatika. Hilo la mwisho likiwa baya, bado unaweza kununua, maana ni kazi ndogo ya kuchomea risasi, lakini bei ishuke.

Ukikubali, andikeni barua ya mauzo yenye jina la muuzaji, namba iliyo kwenye besi kama ipo, na mashahidi. Vyombo vingi vinavyouzwa haraka vina mwenye navyo mwingine. Ukirudi kambini mwonyeshe mwenyekiti wa RWC hiyo barua, siku polisi wakiuliza awe anajua.

Sasa matunzo. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma. Nyuzi nne za besi zinavuta kwa nguvu nyingi kuelekea mbele, na fimbo hiyo inazizuia. Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya ndugu wanaolegeza nyuzi kila Jumapili baada ya ibada, eti besi ipumzike. Haipumziki. Ukilegeza, fimbo inabaki ikivuta peke yake, shingo inarudi nyuma, na Jumapili inayofuata hakuna kinachokaa sawa. Iache imekazwa kwa sauti yake, Mi, La, Re, Sol kuanzia uzi mnene, yaani E, A, D, G.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Kwa hiyo mvua za Machi zikianza, na tena jua kali la Juni likija, pimeni shingo kwa kadi kama nilivyoeleza. Ikihitaji kurekebishwa, mnatumia spana ndogo ya pembe sita iliyopinda kama herufi L. Mafundi wa baiskeli na pikipiki wanazo, na besi nyingi hutaka ya milimita 4 au 5, lakini ikae sawasawa, isicheze. Ukikaza, yaani kuelekea mkono wa kuume unapokitazama kichwa cha fimbo, shingo inanyooka. Ukilegeza, inainama mbele. Robo ya mzunguko tu! Halafu kaza nyuzi upya, uiache mpaka kesho, upime tena. Chuma kikikataa, usikilazimishe kwa koleo. Fimbo ikikatika humo ndani, mmekosa besi.

Urefu wa nyuzi juu ya freti unarekebishwa kwenye briji kwa skrubu ndogo, si kwa kuchonga mbao. Huko huko ndiko mnakosahihisha besi inayoimba vizuri chini na kupotoka juu: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikie ile sauti nyembamba ya kengele, kisha ubonyeze papo hapo na kulinganisha. Uliobonyezwa ukiwa juu zaidi, rudisha kikalio cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ukiwa chini, kilete mbele.

Nyuzi ni ghali, nalo ndilo lalamiko ninalolisikia kila korali. Kwanza futeni jasho kwa kitambaa kikavu kila mara baada ya kupiga. Mpigaji anawe mikono, hasa akitoka kula. Nyuzi zikizubaa, zitoeni moja moja, zichemsheni dakika kumi katika sufuria isiyotumika kwa chakula, zikaushwe kabisa juani kabla ya kurudishwa. Uchafu ulioingia katikati ya waya unatoka, na mng'aro wa sauti unarudi kwa majuma machache. Msifanye hivyo mara nyingi, uzi unachoka. Wala msihangaike sana. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike, na dunia nzima iliimba juu ya besi yake. Sauti nzito iliyozubaa inaweza kushika korali vizuri tu.

Vijana wenye besi za kujitengenezea, za mbao za masanduku na waya wa breki ya baiskeli, msione haya. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi, lilitengeneza vikuza sauti kwa sumaku za vyuma vya magari mabovu na likafika hadi Ulaya. Ila waya wa breki usifungwe kwenye besi ya dukani, unakula freti.

Tukija kwenye umeme, hapa ndipo vyombo vingi vinapofia, na mtu pia anaweza kufa. Ndugu zetu waliohamia Marekani wakati mwingine hutuma amplifaya kwa mapendo. Kabla ya kuichomeka, geuza nyuma usome. Ikiandikwa volti 110 au 120, na huku kwetu umeme ni 240, itaungua mara moja, moshi utoke. Inahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo unaozidi mzigo wa amplifaya. Fyuzi ikikatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Karatasi ya fedha ya sigara si fyuzi. Na plagi yenye miguu mitatu isikatwe mguu mmoja, wala waya wake wa ardhi usiachwe. Mpiga besi ameshika chuma kwa mikono miwili, na akiimba, midomo yake inagusa maikrofoni. Umeme ukivuja, unapitia kwake.

Amplifaya ikiharibika msiifungue wenyewe, hata kama imechomolewa. Ndani yake mna vifaa vinavyotunza umeme mkali kwa muda. Besi yenyewe haina hatari hiyo. Kitufe cha sauti kikikwaruza, kizungusheni kutoka mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini, mara nyingi kinapona. Kisipopona, nunueni dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, wala si mafuta ya taa wala ya kupikia. Sauti ikipotea ghafula, jaribuni waya mwingine kwanza. Kwa ninavyoona, magonjwa mengi ya besi ni magonjwa ya waya. Kama besi yenu ina betri ndogo ya volti 9 ndani, chomoeni waya mkimaliza kupiga, kwa kuwa katika besi nyingi za namna hiyo waya ukiwa ndani betri inatumika usiku kucha.

Spika ni habari nyingine. Uzi mnene wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na ili sauti hiyo isikike lazima spika isukume hewa nyingi. Spika ya redio haiwezi, karatasi yake inapasuka. Spika za tarumbeta tunazofunga juu ya mti kwa matangazo haziwezi pia, hizo ni za maneno. Tafuteni spika ya inchi 12 au 15. Mkiunganisha spika mbili za omu 8 kwa pamoja, amplifaya inaona omu 4, basi someni nyuma yake kama inaruhusu. Na waya unaokwenda kwenye spika uwe ule mnene wa nyuzi mbili, usiwe ule wa gitaa.

Kwa makanisa ya sola, hesabu ni rahisi. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1200. Kama ni ya asidi, tumieni nusu tu, ili isife mapema. Mzigo wa wati 100 basi unakwenda karibu saa tano, ukitoa kile kinacholiwa na inveta. Mkiongeza kinanda, mixa na taa, mkesha hautafika asubuhi. Katika mkesha afadhali besi inyamaze wakati wa maombi kuliko kuzimika katikati ya sifa.

Narudi kwa wana wa Merari. Besi isiyo na mtu aliyetajwa kwa jina ni ya kila mtu, na ya kila mtu huvunjwa na kila mtu. Korali imchague mmoja wa kuitunza na mwingine wa kumsaidia, maana mtunzaji anaweza kupata safari au kurejea nyumbani, na tumeona vyombo vikiondoka pamoja na mwenye navyo kwa sababu hapakuwa na maandishi. Pawe na daftari: siku iliyonunuliwa na kwa fedha za nani, siku nyuzi zilipobadilishwa, nani aliyeiazima kwa arusi, ilirudi saa ngapi na katika hali gani. Arusi walipe kidogo, fedha hiyo iwekwe kando kwa nyuzi. Besi isilazwe karibu na jiko, wala isiegemezwe kwenye bati mchana.

Maswali ya kuzungumza siku ya mazoezi: Besi yenu imeandikwa kwa jina la nani? Kama mpigaji wenu akiitwa kesho kuondoka, ni kijana gani, au binti gani, anayeweza kusimama Jumapili? Na ile amplifaya iliyo ofisini, nyuma yake imeandikwa volti ngapi? Hili la mwisho mlijibu leo kabla jenereta haijawashwa.