Pulteney, Adelaide: Kuitembelea Shule Inayochezea Bustani ya Umma

Ukitaka kuiona Pulteney Grammar School, usianze na geti. Anza na barabara iliyo mbele yake. South Terrace ndiyo mpaka wa kusini wa katikati ya jiji la Adelaide, Australia Kusini. Upande mmoja wa barabara yamepangana majengo. Upande wa pili jiji linakatika ghafla na kuwa nyasi na miti. Ukanda huo wa kijani unalizunguka jiji zima, kama Kanali William Light alivyoupima mwaka 1837, na ni mali ya umma. Shule ipo namba 190, upande wa majengo. Viwanja vyake vya michezo viko ng'ambo, kwenye bustani ambayo mtu yeyote mwenye mbwa na muda anaweza kukatiza.

Hii ni shule ya kutwa, ya mchanganyiko wa wavulana na wasichana, chini ya Kanisa Anglikana. Haina bweni la kufungia maisha ya wanafunzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha hayo humwagika nje: kwenye tramu, kwenye vivuko vya barabara, uwanjani Jumamosi. Mgeni anayetembezwa ndani kwa saa moja kisha akarudi hotelini ameona madarasa. Hajawaona wanafunzi.

Kufika ni rahisi. Tramu itokayo ufukwe wa Glenelg hupita King William Street; shuka kituo cha South Terrace, elekea mashariki, na baada ya dakika chache umefika. Kutoka kituo hicho kuingia katikati ya jiji tramu ni bure, jambo ambalo wageni wengi hulijua wakiwa wameshalipa. Panda asubuhi, kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu, ukutane na makoti ya sare za shule mbalimbali yamebanana, mabegi mapana kuliko migongo, na fidla au tarumbeta ndani ya kasha gumu likitafuta pa kusimama. Ukikodi gari, magari hupita kushoto kama kwetu, lakini mbele ya shule, watoto wanapokuwapo, mwendo ni kilomita 25 kwa saa. Faini zao hazina mjadala wa kando ya barabara.

Kalenda ndiyo huwapotosha watu wetu. Mwaka wa masomo una mihula minne, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Desemba, na likizo fupi mwezi wa Aprili, Julai, na mwishoni mwa Septemba kuelekea Oktoba. Mzazi wa Tanzania anayesafiri likizo ya Juni atakuta madarasa yamejaa, na hiyo ni bahati. Akisogeza safari hadi katikati ya Julai atakuta milango imefungwa. Halafu kuna saa: Adelaide wako mbele yetu kwa saa sita na nusu, na kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Aprili, saa saba na nusu. Ukipiga simu Dar es Salaam ikiwa saa nne asubuhi, kule ni jioni na watu wa ofisini wameshachukua mikoba yao. Piga kabla ya saa mbili, au andika barua pepe.

Andika mapema, maana hakuna kuingia kwa kupita tu. Kwetu mgeni aliyevaa suti hukaribishwa ofisi ya mkuu wa shule, akaletewa soda kabla hajaulizwa shida yake. Kule suti haisaidii kitu. Utajiandikisha mapokezi, utavaa kibandiko cha mgeni, na utakuwa na mwenyeji hadi utakapotoka. Usizunguke peke yako, na usimpige picha mtoto yeyote, hata kama yule unayemtaka ni mpwa wako aliyesimama katikati ya wenzake. Si ubaguzi wala dharau. Ulinzi wa watoto ni sheria, na mgeni mweupe anapewa masharti yale yale. Wala usingoje shikamoo. Mwanafunzi atakutazama machoni, atakupa mkono na kujitaja jina. Hiyo ndiyo adabu aliyofundishwa.

Hutembezwi bila kuelezwa kuwa shule ilianzishwa mwaka 1847 na waumini wa Kianglikana. Ndio mwaka huo huo Augustus Short alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Adelaide. Jina lilitokana na mtaa wa Pulteney Street ulio jirani, nao mtaa ulipewa jina la Sir Pulteney Malcolm, admirali wa Uingereza aliyeongoza manowari za St Helena wakati Napoleon amefungwa kisiwani humo. Wasichana walikuwapo tangu siku za mwanzo, kisha shule ikawa ya wavulana kwa zaidi ya karne moja, kabla ya wasichana kurudi mwishoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo mchanganyiko unaouona leo ni mpya na ni wa zamani kwa pamoja.

Ikiitwa shule huru, usidhani serikali haina mkono. Shule binafsi za Australia hupata ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, ikipimwa kwa uwezo wa wazazi, na juu yake wazazi hulipa ada. Ukiwa mzazi anayetafuta nafasi, uliza ada, kisha uliza kinachobaki nje ya ada: sare, kompyuta, kambi, kupiga makasia. Swali la pili ndilo lenye pesa.

Ndani utakuta watoto wadogo wa chekechea hadi vijana wa mwaka wa 12 wanaosomea SACE, cheti cha jimbo. Kasisi wa shule ni mtumishi wa kila siku. Ibada zipo kwenye ratiba, na kwenye mabenchi hukaa pia watoto wasio Waanglikana. Mikusanyiko ya shule huko hufunguliwa kwa maneno mafupi ya kuwatambua Wakaurna, wenyeji wa asili wa ardhi ya Adelaide. Usitumie dakika hiyo kusalimiana na jirani. Na utashangaa kofia: jua la Australia hukausha ngozi na kuleta saratani, basi miezi ya joto mtoto asiye na kofia hukaa kivulini huku wenzake wakicheza.

Sasa rudi Jumamosi, bila miadi wala kibandiko. Vuka South Terrace uingie bustanini. Miezi ya joto ni kriketi. Mzazi hufungua kiti chake cha kukunja, akasoma gazeti lote, na mchezo bado haujaisha. Majira ya baridi ni soka, netiboli, na ule mpira wa Kiaustralia wa watu 18 kila upande, wenye milingoti minne badala ya miwili. Ukipita kati ya miwili ya ndani ni pointi sita, ukipita pembeni ni moja. Mtu aliyekosa bado anapata kitu. Mwaka mmoja wa kutazama hautoshi kuuelewa, lakini simama karibu na wazazi. Hapo utasikia nani anabadilishwa shule, mwalimu gani anapendwa, na mtoto gani kalazimishwa kucheza. Soseji huchomwa pembeni na kuuzwa ndani ya kipande cha mkate na vitunguu. Mwislamu aulize ni za nini. Mwezi wa Machi, shule za jiji hukutana West Lakes kwenye mashindano ya makasia ya Head of the River, na kelele za wanafunzi ukingoni ni jambo la kwenda kulisikia kwa masikio yako.

Njaa ikiuma zaidi ya soseji, Adelaide Central Market, soko lililoanza mwaka 1869, ni mwendo wa miguu. Jumapili na Jumatatu hufungwa.

Jumapili utataka kanisa, na hapa Mtanzania ana faida. Anayetoka Zanzibar au Masasi, aliyekulia kwenye uvumba na kengele za wamisionari wa shirika la UMCA, aende Kanisa Kuu la St Peter's, North Adelaide. Anayetoka Dodoma, kwenye mkondo wa kiinjili, atajisikia nyumbani zaidi Holy Trinity, North Terrace, ambako mahubiri ni marefu na mapambo ni machache. Mkondo huo huo ndio uliomleta kwetu George Chambers, kasisi wa Sydney aliyeanzisha Trinity Grammar School mwaka 1913, kisha mwaka 1927 akawa askofu wa kwanza wa Tanganyika ya Kati. Ukiulizwa mlangoni umetoka wapi, sema Dodoma. Yumkini yupo mzee kwenye benchi la nyuma ambaye kanisa lake lilichangia hospitali ya kwenu.