Hesabu Siku za Mzigo Kusimama, Siyo Siku za Safari

Mfanyabiashara mwenzangu unayeuzia kwenye simu, leo tuongelee usafirishaji. Makampuni makubwa yana meneja wa mizigo ambaye kazi yake ni hiyo tu kutwa nzima. Wewe huna, kwa hiyo meneja ni wewe mwenyewe, hata kama duka lako lote ni statasi ya WhatsApp.

Hapa Misugusugu tuko barabara ya Morogoro, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Ukiyaona yanavyokimbia utadhani shida ya mizigo ni umbali. Sasa lifuate lori moja kwa akili. Limesubiri bandarini mpaka lipakiwe. Likifika mizani ya Vigwaza linaingia foleni, maana gari linalozidi tani 3.5 lazima lipime, na kikomo cha lori kubwa na mzigo wake ni tani 56. Likifika Tunduma linasimama tena mpakani. Muda mwingi unaishia kwenye kusimama.

Mzigo wako wa China nao ni hivyo hivyo. Wengi wetu tunachangia kontena. Wakala akikwambia "meli ni siku 30" hajakudanganya, ila amekutajia kipande kimoja tu. Kabla ya meli mzigo unakaa stoo ya kule mpaka kontena lijae, na kontena halijai kwa sababu wewe una haraka. Ikifika Dar meli inaweza kusubiri nje kabla ya kushusha. Halafu forodha. Kwenye kontena la kuchangia, mtu mmoja mwenye karatasi zenye shida anawachelewesha wote mliomo. Halafu stoo ya Kariakoo, kupangua, kutafuta boksi lako. Ndiyo uanze safari ya kulileta Misugusugu.

Kwa nini nakazania hili? Angalia hela. Chukua mtaji wa 600,000, na kila ukizunguka unapata faida 150,000. Mzunguko ukiwa siku 45, kwa mwaka unazunguka mara 8, faida 1,200,000. Mzunguko ukifika siku 90, unazunguka mara 4, faida 600,000. Hakuna kilichoibiwa, hakuna kilichovunjika, na nusu ya faida imeondoka. Na hapo sijaweka wateja waliolipa kabla, wanaodai hela yao huku hela yenyewe iko baharini.

Kwa hiyo usianze kuhesabu siku pale unapolipa oda. Mteja mpe tarehe kutokana na mahali mzigo ulipo. Ukiwa bado stoo ya China, usitaje tarehe kabisa, mwambie "unasubiri kupakiwa, nitakwambia ukipakiwa". Ukishapakiwa na una namba ya kontena na jina la meli, hapo ndiyo unaweza kutaja mwezi. Ukishatoka forodha, taja wiki. Ukishaushika mkononi, taja siku. Mteja anavumilia sana kusubiri. Kinachomfanya aje juu ni kuambiwa Ijumaa, halafu Jumatatu, halafu simu haipokelewi.

Namba ya kontena idai. Kuna jirani yangu anauza mapazia, wakala wake alimwambia "mzigo uko bandarini" kwa wiki 3. Alipoomba namba ya kontena ndiyo ikajulikana kontena lilikuwa halijaondoka China. Neno "bandarini" halimaanishi kitu kama hujui ni bandari gani.

Ulize pia kontena litafunguliwa wapi. Bandari kavu ya Kwala, hapa hapa wilaya ya Kibaha, ilizinduliwa Julai 2025 ili kupunguza msongamano wa Dar, kwa hiyo siku hizi jibu siyo moja. Gharama ya kuufuata mzigo inategemea ulipo, na hiyo iweke kwenye bei kabla hujaposti picha.

Kwenye vipimo wengi wanapigwa bila kujua. Kwa meli unalipia nafasi. Boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni CBM 0.12, yaani kwenye mita moja ya ujazo yanaingia 8 na kidogo. Kwa ndege wanaangalia uzito na nafasi, kinachozidi ndicho unacholipia. Hesabu inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 6000. Boksi hilo hilo linatoka kilo 20. Ukiweka mito yenye kilo 6 unalipia 20! Mwombe muuzaji aikandamize, atoe na maboksi ya ndani yasiyo na kazi.

Kuna mambo ambayo wewe na wakala wako hamyawezi. Mwishoni mwa 2023 meli zilianza kushambuliwa Bahari ya Shamu, makampuni mengi yakaamua kuzungukia Afrika Kusini. Mzigo wa China kuja Dar haupiti kule, lakini meli na kontena zilibanwa kwenye safari ndefu, nauli zikapanda hata njia nyingine. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini pale Somanga, Kilwa, mizigo ya Lindi na Mtwara ikakwama. Juni mwaka huo huo maduka Kariakoo yakafungwa kwa mgomo. Dawa yangu ni moja: bidhaa inayokulisha isiishe kabisa ndipo uagize. Kama mzigo unachukua siku 60 na unauza 2 kwa siku, agiza ukiwa umebaki na 120, na uongeze za akiba. Bidhaa ya kujaribu tu hiyo iache iishe.

Mwisho ni kumtumia mteja wa mkoani. Mabasi ya Mwanza na Mbeya yanatupita hapa barabarani, na kuna kishawishi cha kumrushia konda boksi kwa dirisha. Usifanye. Panda gari mpaka stendi ya Magufuli, Mbezi, ukatie risiti ofisini. Andika juu ya boksi majina na namba za simu zako na za mteja, na stendi anayochukulia. Piga picha boksi, risiti na namba ya basi, mtumie mteja vyote. Mabasi mengi ya mbali yanaondoka alfajiri, kwa hiyo ukipeleka saa 9 mchana uliza kabisa linaondoka leo au kesho. Wakisema kesho, mwandikie mteja kesho, hata kama amekwambia ana haraka ya sherehe.