HOMA INAYOFANANA NA YA PAPASI

Hapa Ujiji mtu akishikwa na homa, ikaacha, halafu ikarudi, wazee husema: "Hiyo ni papasi." Mara nyingi husema kweli. Lakini siyo kila mara.

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Huuma usiku watu wamelala, wala hawasikii. Mwaka 1905 Daktari Robert Koch, Mjerumani, aliwakuta katika vituo vya misafara ya nchi yetu, akaonyesha kuwa ndio waenezao homa. Mwaka huo huo, ng'ambo ya ziwa letu, huko Congo, Daktari Dutton, Mwingereza, aliipata homa hiyo alipokuwa akiichunguza, akafa. Kijidudu chake kinaitwa kwa jina la Dutton mpaka leo.

Sasa iko homa ya matumbo, yaani taifodi. Hii nayo ni vijidudu katika damu, ila hutoka kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kichwa kinauma, viungo vinauma, sawa na papasi. Homa ya papasi hupanda ghafla, huacha baada ya siku chache, kisha hurudi. Taifodi hupanda polepole na haiachi. Lakini dalili hudanganya, hasa mtu akiwa amekwisha meza vidonge vya dukani. Na malaria inafanana na zote mbili! Dawa ya malaria haitibu papasi wala taifodi.

Basi damu ipimwe. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi papasi. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, likaangaliwa kwa hadubini. Vijidudu vya papasi huonekana kama nyuzi zilizojisokota. Nenda mwili ungali moto, maana homa ikiacha ni vigumu kuviona. Vya taifodi havionekani hivyo. Damu hutolewa kabla ya dawa, ikaoteshwa siku kadhaa katika maabara ya hospitali kubwa.

Mwambie mganga ulilala wapi, ulikunywa maji gani, umemeza dawa gani. Mama mjamzito asingoje hata siku moja, kwani homa ya papasi huharibu mimba. Tena, dozi ya kwanza ya dawa ya papasi huweza kupandisha homa kwa saa chache, mgonjwa akatetemeka sana. Dawa siyo mbaya. Akae tu karibu na wauguzi.

Tujadiliane:
Kwa nini damu ya papasi ipimwe wakati wa homa?
Katika kijiji chenu, nyumba zipi zina nyufa?