Vyombo ni vya Nani?



Hapa mtaani Dallas, Embu, tuliona kikundi cha waimbaji kikichanga pole pole, wiki kwa wiki, mpaka kikanunua kinanda na spika mbili. Viliwekwa kwa mwenyekiti kwa sababu nyumba yake ilikuwa na stima. Halafu wakakosana. Mwenyekiti akahama, na kinanda kikahama naye. Risiti ilikuwa na jina lake, sasa wenzake wangesema nini?

Kwa hivyo somo la leo ni la chama cha muziki cha Ikhwani Safaa, mjini Unguja, ambacho kilianza 1905 na mwaka 2005 kikatimiza miaka 100. (Sisi si watu wa taarabu, na hatuwaambii muiimbe kanisani! Lakini mtu hujifunza hata kwa jirani.)

Kwanza muziki huo ulikuwa wa jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo, Misri, kusomea muziki. Aliporudi, waliomsikia ni wakubwa. Ndiyo maana jambo la 1905 ni kubwa: vijana wa mjini waliunda chama chao wenyewe, nje ya jumba. Jina lenyewe ni kama kusema ndugu wenye nia safi. Walipiga udi, kanuni na fidla kwa mapenzi, si kwa mshahara. Mtu alitoka kazini kwake, jioni akaenda mazoezini.

Je, hawakuwa na mashindano? Walikuwa nayo sana. Kikatokea chama kingine, Naadi Shuub, na mji ukagawanyika kwa ushabiki. Baadaye yakaja Mapinduzi ya 1964, Sultani akaondoka, na chama kikabadilishwa hata jina kwa muda. Walioanzisha walizeeka, wakafa mmoja mmoja. Chama kilibaki kwa sababu kilikuwa na mahali pake pa kukutania, viongozi wa kubadilishana, na vijana waliokaa karibu na wazee wakijifunza kwa sikio. Mpigaji akifa, chama hakifi naye.

Sasa turudi kwetu. Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kilete risiti za mali yote: kinanda, viti, sufuria, tenti. Someni kwa sauti jina lililoandikwa. Kama ni jina la mtu, andikeni kwenye minutes kwamba ni mali ya kikundi, na mwenyewe atie sahihi mbele ya wote. Kama hamjasajiliwa, nendeni ofisi ya Huduma za Jamii. Sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ilipitishwa 2022. Mtaulizwa katiba. Ndani yake andikeni wazi vyombo vinakaa wapi, nani ana ufunguo, na vikundi vikivunjika mali inaenda wapi.

Hilo la mwisho ndilo watu huona haya kulisema. Lisemeni wakati bado mnapendana.