Masrufu ya mtoto hayauzwi barazani

Mume yuko Mombasa, au Jeddah, au hajulikani aliko. Mke yuko Kismayu na watoto watatu, anakaanga samaki mlangoni ili apate ada ya chuo. Mwaka wa pili huu hajaona hata shilingi. Akituma ujumbe kuomba talaka yake, jibu linarudi kwa mdomo wa shemeji: ukitaka kutoka, jikomboe. Arudishe mahari, asamehe deni la masrufu ya nyuma, na masrufu ya watoto asiyadai tena. Wazee wanakaa, karatasi inaandikwa, kidole gumba kinapakwa wino, na jioni watu wanakunywa kahawa wakisema mambo yamekwisha kwa heri.

Hayakwisha kwa heri. Mwanamke huyo amelipa, tena kwa haki ya watoto wake, kitu ambacho angeweza kukipata bila kutoa hata kumi.

Kisa hiki ni cha pwani nzima, lakini kwa Mbajuni wa Kismayu au wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula kina uzito wa peke yake. Katika miji ya Somalia ugomvi mwingi wa nyumba hauendi mahakamani kwanza. Unakwenda kwa wazee, na wazee huamua kwa xeer, mila ya koo. Xeer ina nguvu pale kila upande una ukoo wa kuusimamia na kuulipia fidia. Mbajuni hana ukoo wa namna hiyo. Aliyeolewa na mtu wa kabila kubwa hujikuta mbele ya baraza ambalo karibu wote waliokaa ni ami na binamu za mumewe, yeye mwenyewe haruhusiwi kukaa, na anayemsemea ni kaka anayeogopa kupoteza mashua yake wiki ijayo. Usuluhishi wa hivyo ni usuluhishi wa jina tu.

Mtego uko katika kuchanganya khului na fasikhi. Khului ni njia ya mke asiyemtaka mume ambaye hana kosa: mke hutoa kitu, mara nyingi mahari aliyopokea, na mume humwacha. Ni njia halali na ya zamani. Lakini mume asiyelisha, anayepiga, au aliyepotea, hayuko katika mlango huo. Huyo mlango wake ni fasikhi: mke anakwenda kwa kadhi, anathibitisha madai yake kwa mashahidi au kiapo, na kadhi ndiye anayeivunja ndoa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Wabajuni na ya Wasomali, mume aliyethibitika mbele ya kadhi kuwa hana uwezo wa kulisha hupewa muhula mfupi wa siku tatu, kisha ndoa huweza kufasikhiwa. Juu ya mume aliyeghibu wanazuoni wamekhitilafiana, na kadhi mwangalifu atataka ushahidi zaidi. Hata hivyo mlango upo, na mke aliyekwisha kuingiliwa hutoka kwa mlango huo akiwa na mahari yake yote.

Kwa nini basi wazee humpeleka kwenye khului? Kwa sababu khului ni rahisi kwao. Haihitaji ushahidi wa kosa la mume, haimwaibishi mtoto wa ukoo, na hufungwa kwa kikao kimoja. Wako pia wanaopokea ada kwa mume ya kumlainisha mke, na kwa mke ya kumbembeleza mume. Huo ni mlungula, hata ukiitwa pesa ya kahawa.

Kuhusu watoto, kosa ni kubwa zaidi. Masrufu ya mtoto ni haki ya mtoto kwa baba yake. Wanazuoni wanakubali kwamba mke anaweza kujikomboa kwa kujitwika ulishaji wa mtoto kwa muda unaojulikana, lakini ule mzigo haumtoki baba milele: mama akishindwa, mtoto hawezi kuachwa na njaa kwa sababu ya karatasi ya wakubwa. Baba atadaiwa. Ulezi nao hivyo hivyo. Mama aliyeuacha kwa kubanwa barazani hajafungiwa mlango. Anaweza kurudi kwa kadhi akaudai.

Kuna tishio jingine ambalo shemeji hulitumia sana: ukiolewa tena, watoto tunawachukua. Nusu yake ni kweli. Katika fiqhi ya Shafi mama akiolewa na mtu asiye wa jamaa ya mtoto, haki yake ya kulea husimama. Nusu isiyosemwa ni kwamba haki hiyo hairukii kwa baba. Inakwenda kwanza kwa bibi mzaa mama. Bibi akiwa hai, mwenye akili timamu na uwezo wa kulea, shemeji hana la kuchukua. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka saba, huulizwa mwenyewe anataka kukaa na nani. Mwanamke asiyeyajua haya hukaa miaka bila ya kuolewa akiogopa kitu ambacho nusu yake hakipo.

Tena kuna talaka ya simu. Mume anatuma sauti kwenye WhatsApp, anasema nimekuacha, anakata. Miezi sita baadaye anasikia mke amechumbiwa, anaruka: sikumwacha, au nilimrejea ndani ya eda. Kwa vile rejea katika fiqhi ya Shafi ni tamko la mume na haihitaji ridhaa ya mke, neno hilo linaweza kumharibia mwanamke maisha, hata kumtia katika tuhuma ya zinaa. Kismayu watu wanajua tuhuma hiyo inaweza kufika wapi. Mwezi Oktoba 2008, mji ukiwa mikononi mwa al-Shabaab, msichana ambaye Amnesty International ilisema alikuwa na miaka 13 alipigwa mawe hadi kufa uwanjani, mbele ya umati, kwa tuhuma ya zinaa, ilhali jamaa zake walisema alikwenda kushitaki kwamba amebakwa. Al-Shabaab waliondoka mjini mwishoni mwa Septemba 2012, lakini wapo wanaokwenda hadi mji wa Jilib kwenye mahakama za kundi hilo kwa sababu, wanasema, hukumu ya huko hutekelezwa. Serikali inayoona watu wake wakivuka vizuizi kutafuta hukumu kwa watu wale ingepaswa kuona haya.

Kwa hiyo tarehe ya talaka ni mali. Iandikwe siku ile ile, mbele ya mashahidi wawili, isemwe ni talaka ya ngapi, na eda inahesabiwa kuanzia lini. Ile sauti ya WhatsApp isifutwe. Inakiliwe kwenye simu ya mtu wa pili. Rejea nayo, kama mume anadai ilikuwapo, aulizwe aliitamka lini na mbele ya nani.

Na sheria ya nchi? Ipo, na ina historia chafu. Tarehe 11 Januari 1975 Siad Barre, mtawala wa Somalia wakati huo, alitoa Sheria Na. 23 ya familia. Masheikh walioipinga misikitini walikamatwa, na kumi kati yao wakauawa kwa risasi tarehe 23 ya mwezi uo huo. Mengi ya waliyopinga yalihusu mirathi, kwa kuwa sheria ile ilisawazisha mafungu ya mwanamume na mwanamke. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo mlikuwa na mambo ambayo mwanamke wa Chula angeyahitaji leo: talaka ya mume ilitakiwa ipite mahakamani, mke aliweza kuomba ndoa ivunjwe kwa kutolishwa, kwa mume kupotea miaka minne, au kwa ugomvi usiopatanishika, na mama alipewa ulezi wa mvulana hadi miaka 10 na wa msichana hadi miaka 15, mahakama ikiwa na uwezo wa kuongeza hadi 18.

Dola ilipoanguka Januari 1991 sheria ile ilibaki kwenye makabati. Mahakimu wengi hawaigusi, na mwanasiasa yeyote akitaja kutunga sheria mpya ya familia, watu wanakumbuka damu ya wale kumi. Dikteta aliandika haki kwa bunduki, na bili imeendelea kulipwa na wanawake ambao hata hawakuulizwa. Katiba ya Muda ya 2012 ilisema ndoa haiswihi bila ya ridhaa ya wote wawili, na Ibara yake ya 34 iliahidi kwamba serikali itampatia msaada wa kisheria bure asiye na uwezo. Ahadi nzuri. Ila Katiba hiyo hiyo iliitaja lugha rasmi kuwa Kisomali, na Kiarabu kuwa ya pili. Mwanamke anayesema Kibajuni anasomewa karatasi ya talaka yake kwa lugha ambayo huenda haifahamu vizuri, kisha anaambiwa aweke kidole. Kidole kilichowekwa kwenye maneno yasiyofahamika si ridhaa, na kadhi yeyote mwadilifu anajua hivyo. Mwanamke ana haki ya kudai atafsiriwe na mtu wake, si na mtu wa mume.

Hapo ndipo mpaka unapoingia. Hadi 1925 Jubaland, jimbo la Kismayu, ilikuwa chini ya Uingereza, pamoja na Kenya. Mwaka huo ikakabidhiwa Italia. Mstari ukapita kusini mwa Ras Kamboni, ukawaacha Wabajuni wa Kismayu upande mmoja na wa Kiunga, Faza na Kizingitini upande wa pili. Jamaa wale wale, madhehebu yale yale, mahari ya mila ile ile. Lakini mke wa Kiunga akiachwa bila masrufu anakwenda kwa kadhi aliyeajiriwa na dola, anayeandika hukumu, na anayesikiliza kesi kwa Kiswahili.

Mbajuni wa Somalia ambaye mumewe yuko Lamu au Mombasa, au ambaye yeye mwenyewe amekimbilia huko kama maelfu waliofika kambi ya Jomvu miaka ya tisini, mara nyingi hudhani mahakama hizo si zake. Ni zake. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao 1966, unampa mkimbizi haki ya kwenda mahakamani kwa uhuru, na unataka ndoa aliyofunga kwao iheshimiwe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya 2016 haikuishia kwa raia: inawataja wakimbizi na watu wasio na uraia wa nchi yoyote kuwa miongoni mwa wanaostahili. Karani anayemfukuza mama mlangoni kwa kuwa hana kipande anavunja sheria, na apewe nakala yake.

Kesi yenyewe igawanywe. Talaka, fasikhi na mahari ziende kwa kadhi. Ila Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inampa kadhi mamlaka pale tu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye, na maneno hayo yamekuwa kichaka cha waume: mtu anayeswali safu ya mbele anageuka ghafla kusema hatambui mahakama ya kadhi. Waliotunga ibara hiyo walitaka kulinda uhuru wa mtu. Walichomlindia mume mkwepaji ni mwanya. Kwa hiyo masrufu na ulezi wa watoto yapelekwe kwenye mahakama ya watoto. Kule ridhaa ya baba haihitajiki. Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza maslahi ya mtoto, na Ibara ya 53 ya Katiba inawabebesha baba na mama jukumu sawa, wameoana au hawakuoana. Karatasi ya baraza la Kismayu inayosema mama amesamehe masrufu haimfungi hakimu wa mahakama hiyo. Mjini Mombasa, mashirika ya msaada wa kisheria ya Kituo cha Sheria na FIDA yana ofisi na yamezoea mashauri ya aina hii.

Walioko Uingereza wana mtego wao. Ndoa iliyofungwa sawasawa Kismayu hutambuliwa kule, lakini talaka iliyotamkwa London haiivunji kisheria: kwa mujibu wa sheria ya 1986, talaka inayopatikana ndani ya nchi hiyo ni ile ya mahakama tu. Kinyume chake, nikaha ya sebuleni London isiyosajiliwa haihesabiwi ndoa kabisa, kama Mahakama ya Rufani ilivyoamua Februari 2020. Kwa hiyo kuna wanawake wawili wa mtaa mmoja, mmoja akidhani ameachika na hajaachika, mwingine akidhani ameolewa na hajaolewa. Tangu Aprili 2022 maombi ya talaka hayahitaji tena kuthibitisha kosa, na mtu anaweza kuyajaza mwenyewe. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kesi za ndoa ulikatwa 2013, isipokuwa kwa mwenye ushahidi wa kudhulumiwa nyumbani. Aliyepigwa na akaenda kwa daktari aombe barua yake mapema.

Mwanamke aliyeitwa barazani wiki hii aende na mtu wake anayesoma Kisomali. Aseme mbele ya wote kwamba anadai fasikhi, hataki khului, na ataje sababu: masrufu, kipigo, au kutoroka. Wakikataa, asitie kidole. Aombe shauri liende kwa kadhi. Na kama alikwisha kutia kidole mwaka jana au mwaka juzi, masrufu ya watoto bado yanadaiwa, na baba yao bado ndiye mdaiwa.