Wimbo wa Maili 500

Ni kitu gani kimzuiacho msafiri asirudi kwao? Wengi watajibu kwamba ni umbali wa njia. Leo na tuutazame wimbo mmoja wa Marekani, ulioimbwa kwanza hivi, kisha ukaimbwa tena vingine.

Mtunzi wake ni Hedy West, aliyezaliwa mwaka 1938 katika jimbo la Georgia. Aliuunga kwa vipande vya wimbo wa zamani alivyovisikia kwa jamaa zake. Ndani yake gari la moshi lamchukua mtu, na maili zahesabiwa moja moja kwa mamia hata zatimia 500. Hizo ni kadiri ya kilometa 800, karibu sawa na safari ya reli toka Dar es Salaam hata Tabora. Ni mbali, lakini reli iko, na gari lililompeleka laweza kumrudisha. Ila msafiri huyu hana shati wala senti, naye asema kwamba katika hali hiyo hawezi kurudi nyumbani. Basi limfungalo ni aibu.

Mwaka 1963 wimbo huu ulichukuliwa na Bobby Bare, mwimbaji wa nyimbo za kantri, yaani nyimbo za watu wa mashamba wa Marekani. Yeye na mwenziwe Charlie Williams waliyabadili maneno mengi, hata majina yao yakaandikwa pamoja na la Hedy West kuwa watunzi, na jina la wimbo likawa "500 Miles Away from Home". Uliingia katika nyimbo kumi za kwanza zilizopendwa mwaka ule. Wako walalamikao wimbo wa mtu ukibadilishwa. Mimi naona badiliko hili lilikuwa na faida, kwa maana limemgeuza msafiri uso, akaelekea kwao.

Na nini kilichomgeuza? Hajapata mali, hajashona nguo mpya. Amepata barua ya mama yake, akaisoma huku akilia. Hana mzigo wa kufunga, kwa kuwa yote aliyo nayo yako mgongoni pake. Gari la moshi halimo tena. Aenda kwa miguu, mara akiinua kidole gumba kuomba kuchukuliwa na motakaa zipitazo, wala hakumbuki alikula lini. Katikati mwimbaji aacha kuimba, akanena kama mtu azungumzaye peke yake: njia ni ile ile aliyoondokea, lakini yaonekana ngeni, naye mwenyewe amegeuka; je, watasema nini watakapomwona hivi? Hapo mwalimu aangalie sana. Aibu haikuondoka, yatembea pamoja naye. Na wimbo waisha kabla hajafika.

Wengine watamkumbuka mwana mpotevu. Wamefanana, lakini si sawasawa: yule alikata shauri mwenyewe kati ya nguruwe, wala hakuna aliyemwandikia, huyu ameitwa kwanza.

Bobby Bare mwenyewe alifiwa na mama yake alipokuwa na umri wa miaka 5, na ndugu wakatawanyika kwa umaskini. Barua ya namna ile hakupata kuandikiwa ukubwani. Mwaka ule ule wa 1963 aliimba na wimbo mwingine, "Detroit City", wa mtu wa kusini aliyekwenda kufanya kazi katika viwanda vya motakaa. Watu wa kwao husoma barua zake wakadhani ya kuwa hali yake ni njema, kumbe sivyo. Huko barua yatoka kwa mwana, nayo yaficha. Huku yatoka kwa mama, nayo yaita.

Wenye kufundisha vijana na wawaulize mama huyu aliandika nini. Kama mwimbaji aielezavyo, barua ni fupi sana: kwamba wana hamu naye, wanampenda, na arudi. Juu ya fedha haina neno, wala juu ya shati.